Wanaonekana, Lakini Je, Wako Hai?

Leo nataka tuzungumzie swali nililoulizwa Makorora, Tanga mjini. Swali lenyewe ni fupi, lakini lilinirudisha kwenye madaftari yangu ya chuo.

Nilikuwa nimekwenda shule moja ya sekondari kuongea na klabu ya afya kuhusu kifua kikuu, yaani TB. Kipindi kikaisha, watu wakapiga makofi, wakatawanyika. Niko nje nafungua kufuli ya baiskeli, mara kijana mmoja wa kidato cha tatu akanifuata. Akatazama huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Sema."

"Mimi natumia dawa za TB. Nimemaliza miezi miwili, sijaruka hata siku moja. Juzi nimepima makohozi tena, nikaambiwa wadudu bado wanaonekana, ila wachache. Nyumbani bibi amenitengea kikombe na sahani. Darasani wameshajua, dawati nakaa peke yangu. Sasa nataka kujua kitu kimoja tu. Hao walioonekana, ni wazima au ni maiti?"

Jamani! Watu wazima wengi hawajawahi kuuliza swali zuri kama hilo. Siku ile nilimjibu kwa haraka, maana jua lilikuwa linazama na yeye hakutaka tuonekane tumesimama muda mrefu. Hapa namjibu vizuri zaidi. Nakujibu na wewe pia, kwa sababu TB haichagui mtaa. Huenda kesho ukawa wewe, dada yako, au mshikaji unayekaa naye dawati moja.

MDUDU MWENYEWE NI NANI?

TB husababishwa na bakteria. Ni mdogo sana: urefu wake ni kama milimita moja ukiigawa mara 300 hivi. Daktari Mjerumani Robert Koch ndiye aliyetangaza kwamba amempata, mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882. Ndiyo maana Siku ya TB Duniani huadhimishwa kila tarehe 24 Machi.

Koch alimwonaje? Kwa rangi. Bakteria hawa hawana rangi yao wenyewe, kwa hiyo ukiwatazama hivi hivi kwenye hadubini huambulii kitu. Mwaka huohuo wa 1882, mwanasayansi mwingine, Paul Ehrlich, aligundua jambo la ajabu. Bakteria wa TB akishanyonya rangi, hata ukimwosha kwa asidi rangi haitoki! Bakteria wengine wengi wanasafishika, yeye anabaki nayo. Sababu ni ukuta wa seli yake, ambao umejaa mafuta mazito kama nta. Baadaye Ehrlich mwenyewe aliugua TB, na bakteria wake aliwaona kwenye makohozi yake mwenyewe.

Kuna sifa nyingine ya mdudu huyu ambayo naomba uishike, maana tutairudia: ni mvivu. Baadhi ya bakteria wa tumboni wanaweza kugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu wa TB anahitaji karibu siku nzima.

MWANGA WA KWANZA: "MPO?"

Umewahi kumwona mwenye duka akiweka noti chini ya taa ya zambarau? Ghafla alama ambazo jicho halikuziona zinawaka. Au umewahi kuingia disko ukaona mashati meupe yanang'aa rangi ya bluu? Hiyo ni kwa sababu sabuni za unga huwa na kemikali zinazofanya mchezo huohuo: zinapokea mwanga wa aina moja na papo hapo zinautoa ukiwa wa rangi nyingine. Kitaalamu tabia hiyo huitwa floresensi. Ukizima taa, na wenyewe unakatika.

Katika maabara nyingi za TB hutumika rangi ya manjano iitwayo auramini. Mtaalamu wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo, yaani slaidi, akayakausha. Humwagia auramini na kuiacha kama dakika 20. Kisha huosha kwa spiriti iliyochanganywa na asidi, ili kila kitu kiachie rangi isipokuwa bakteria wa TB. Mwisho humwagia pamanganeti ili sehemu nyingine zote za kioo ziwe giza. Halafu anaweka slaidi kwenye hadubini yenye mwanga wa bluu.

Akichungulia, anaona kama usiku wa giza Raskazone mwezi haupo. Kwenye giza hilo kuna vijiti vidogo vya manjano-kijani vinavyong'aa. Hao ndio wenyewe.

Faida yake ni nini? Kwa njia ya zamani ya rangi nyekundu, mtaalamu hulazimika kukuza kitu mara 1,000 na kupitia sehemu 100 za slaidi kabla ya kusema "hakuna". Kwa auramini anakuza mara 200 au 400 tu, hivyo kila akitazama anaona eneo kubwa zaidi. Kazi inakwenda haraka na bakteria wengi zaidi wanapatikana. Zamani hadubini hizi zilitaka taa za gharama, zenye joto kali na zinazokufa upesi. Siku hizi zinatumia LED, taa ndogo zisizokula umeme na zinazoweza kutumia hata betri. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini hizo za LED mwaka 2011.

Sasa sikia kasoro yake. Auramini inashika mafuta ya ukuta. Bakteria akifa leo, ukuta wake haupotei leo. Maiti yake inaweza kukaa mapafuni, ikatoka na kikohozi, ikapakwa kwenye slaidi, ikanyonya rangi na kung'aa kama ya aliye hai. Ni kama kupita usiku mtaani na kutazama nyumba kwa nje. Ukiona kuta zimesimama utajua kuna nyumba, lakini hujui kama kuna mtu ndani.

Kwa hiyo mwanga huu unauliza "Mpo?" tu. Kwa mgonjwa ambaye hajaanza dawa, swali hilo linatosha kabisa. Kwa mgonjwa aliyekwisha kumeza dawa miezi miwili, jibu lake ni nusu.

VIPI KUHUSU GENEXPERT?

Najua kuna msomaji anasema: "Dada, hayo ya slaidi ni ya zamani, siku hizi kuna GeneXpert." Ni kweli. Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010 na imesambazwa katika hospitali nyingi za Tanzania. Unaweka makohozi, na chini ya saa mbili mashine inakuambia kama kuna TB na kama ina dalili za usugu kwa rifampisini, ambayo ni mojawapo ya dawa zetu kubwa. Nayo pia inatumia rangi za kung'aa: vipande vidogo vinavyowaka vikikutana na DNA ya bakteria wa TB.

Lakini tatizo ni lilelile. DNA ya bakteria aliyekufa inaweza kubaki mwilini kwa miezi. Mtu anaweza kuwa ameshapona na mashine bado ikaona mabaki. Ndiyo sababu GeneXpert inatumika sana kugundua TB na usugu, lakini haitumiki kuangalia kama matibabu yanakwenda vizuri. Kazi hiyo imebaki kwa hadubini na kwa kuotesha, ambako tutafika sasa hivi.

RANGI INAYOWAKA KWA ALIYE HAI TU

Wanasayansi walijiuliza: je, hatuwezi kupata rangi ambayo maiti hawezi kuiwasha?

Rangi za namna hiyo zipo. Moja inaitwa fluoresini dayasetati. Fluoresini yenyewe ni rangi ya kijani inayong'aa sana, na ilitengenezwa tangu 1871. Hii ya dayasetati ni fluoresini iliyofungwa "kufuli" mbili za kikemikali, na ikiwa imefungwa hivyo haing'ai hata kidogo. Inaingia ndani ya bakteria kimyakimya. Bakteria akiwa hai, vimeng'enya vyake vinazikata zile kufuli, rangi inafunguka na yeye mwenyewe anawaka kijani. Akiwa amekufa, vimeng'enya havifanyi kazi, na hata kidogo kinachofunguka kinavuja kupitia utando uliotoboka. Anabaki giza.

Unaona tofauti? Auramini ni rangi unayompaka yeye. Hii ni taa ambayo lazima aiwashe mwenyewe.

Njia hii imetumika kwa wagonjwa wa TB nchini Bangladesh, hasa wale ambao slaidi zao ziliendelea kuonyesha bakteria wakati wa matibabu. Ilisaidia kutenganisha wenye maiti tu na wenye bakteria hai, ili hawa wa pili wachunguzwe mapema kama wana TB sugu. Matokeo yake yalichapishwa 2012.

Kuna rangi nyingine zinazofuata upumuaji wenyewe. Unakumbuka somo la Baiolojia? Seli hai inakivunja chakula, inavua elektroni, na elektroni hizo hupitishwa mkono kwa mkono hadi kuifikia oksijeni. Huo ndio upumuaji wa seli. Bakteria hana mapafu, lakini anapumua. Rangi iitwayo CTC huzidaka zile elektroni njiani na kugeuka kuwa chembe nyekundu zinazong'aa. Watafiti wa maji na bahari huitumia kujua kati ya bakteria wote waliomo kwenye tone la maji, wangapi wanapumua.

Na hapa kwetu Tanga, mkoa wa maziwa, kuna rangi ya tatu ya kufahamu: rezazurini. Ni kipimo cha siku nyingi cha usafi wa maziwa. Unatia rangi hiyo ya bluu kwenye maziwa na kuyaweka katika joto. Bakteria wakiwa wengi na wazima, upumuaji wao unaigeuza kuwa ya pinki, tena pinki inayong'aa chini ya taa maalumu, na mwisho rangi inapotea kabisa. Inavyogeuka haraka ndivyo maziwa yalivyo machafu. Rangi hiyohiyo hutumika kupima dawa za TB. Unaweka bakteria pamoja na dawa, kisha unatia rezazurini. Ikibaki bluu, dawa imewamaliza. Ikigeuka pinki, wapo wanaopumua ndani ya dawa, na hiyo ni noma.

CHUPA INAYOSIKILIZA PUMZI

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho kwangu mimi ndicho kitamu kuliko vyote. Kinaitwa MGIT, na kinatumika Tanzania katika maabara kubwa za TB. Ni mrija wa plastiki wenye mchuzi wa chakula cha bakteria. Chini kabisa ya mrija kuna kipande cha silikoni kilichochanganywa na rangi ya kung'aa yenye madini ya rutheni.

Rangi hii ina tabia moja: oksijeni ikiwepo, inazimwa. Mchuzi ukiwa mpya umejaa oksijeni iliyoyeyuka, kwa hiyo kitako cha mrija hakiwaki. Mtaalamu anatia makohozi yaliyosafishwa na kuuweka mrija kwenye mashine yenye joto la nyuzi 37, sawa na mwili wako. Kuna mashine inayobeba mirija 960 kwa mara moja! Kila baada ya dakika 60 inaimulika mirija yote kwa mwanga wa zambarau na kusoma majibu.

Kama ndani kuna maiti tu, hakuna kinachotokea. Maiti hapumui. Oksijeni inabaki palepale, na rangi inabaki imezimwa.

Kama kuna hata wachache walio hai, watakula, watapumua, watagawanyika taratibu kwa uvivu wao ule niliokuambia, na oksijeni itaanza kupungua. Siku moja inakuwa haitoshi tena kuizima rangi. Hapo kitako cha mrija kinawaka rangi ya chungwa, na mashine inatoa ishara. Hakuna aliyemtazama bakteria. Wamemsikia anapumua tu.

Kwa kawaida mrija wenye TB huwaka ndani ya wiki moja hadi tatu hivi. Ukifika siku ya 42 haujawaka, wanaandika kwamba hakuna kilichoota. Wiki sita! Sasa umeelewa kwa nini unaambiwa "majibu bado"? Mara nyingi si uzembe wa watu wa maabara. Wanamsubiri mdudu mvivu apumue.

Mirija hiyohiyo hupima usugu. Mrija mmoja una bakteria bila dawa, mwingine una bakteria na dawa. Wa kwanza ukiwaka na wa pili ukabaki giza, dawa inafanya kazi. Yote ikiwaka, bakteria ni sugu kwa dawa hiyo. Majibu hayo hupatikana kati ya siku 4 na 13 baada ya bakteria kuota.

Usidhani chupa hii haikosei. Bakteria wa kawaida wa mdomoni nao wanapumua, tena kwa kasi, na wanaweza kuuwasha mrija kwa uongo. Ndiyo maana makohozi husafishwa kwanza kwa soda kali, na mrija ukiwaka ni lazima wahakikishe ni TB kweli. Lakini soda hiyo nayo ina madhara yake. Mwaka 2019, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mbeya, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba soda hiyo inaua pia sehemu ya bakteria wa TB waliokuwa hai. Walilinganisha kuotesha na kipimo kipya kinachohesabu RNA ya bakteria, ambayo huharibika upesi zaidi kuliko DNA mwenye nayo akifa. Umeona? Swali la yule kijana wa Makorora, "wazima au maiti?", ndilo wataalamu wetu wa Mbeya wamelikesha.

JARIBU MWENYEWE
(Usijaribu hata siku moja kuchezea makohozi. Tumia hamira.)

Unahitaji: hamira ya chenga, sukari, maji ya uvuguvugu, chupa mbili ndogo za maji na maputo mawili.

1. Chukua kijiko kimoja cha hamira, kitie kwenye maji kidogo, chemsha kwa dakika 10, kisha acha yapoe hadi yawe ya uvuguvugu. Mimina kwenye chupa A.
2. Chukua kijiko kingine cha hamira, kitie kwenye maji ya uvuguvugu bila kuchemsha. Mimina kwenye chupa B.
3. Tia vijiko viwili vya sukari katika kila chupa, tikisa, kisha valisha puto kwenye mdomo wa kila chupa.
4. Weka mahali pa joto kwa saa moja.

Zitazame chupa zote mbili. Hamira imo humu na humu. Ukichukua tone kutoka A na tone kutoka B ukaweka kwenye hadubini ya shule, utaona seli kwenye yote mawili. Lakini puto la B litavimba, na la A litalala kama kitambaa. Kwa macho wote wapo. Puto linakuambia nani yuko hai.

Anayekaanga maandazi analijua hili bila hadubini: ukitia hamira kwenye maji ya moto sana, unga hauumuki.

BASI TUMJIBU YULE KIJANA

Mdogo wangu, hili ndilo jibu lako.

Slaidi yako ya mwezi wa pili haiwezi kusema kama wale wachache ni wazima au maiti. Wanaweza kuwa maiti watupu, mizoga ya vita ambavyo dawa zako zimeshinda. Inatokea mara nyingi, hasa kwa mtu aliyeanza na bakteria wengi. Wanaweza pia kuwa na wazima ndani yao, ambao bado wanahitaji kipigo. Na mara chache wanaweza kuwa sugu. Kwa hiyo daktari akiagiza makohozi yapimwe usugu, au yapelekwe kuoteshwa, asikuogopeshe. Anauliza swali lilelile uliloniuliza mimi, ila yeye anaulizia kwenye chupa.

Na huenda wewe msomaji unajiuliza kinyume chake: "Je, slaidi ikiwa safi mwezi wa pili, si niache dawa?" Hapana! Ili bakteria waonekane kwenye slaidi, kwa kawaida lazima wawe kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Wakiwa 1,000 walio hai, slaidi inaweza kusema "hakuna". Tena wapo wanaosinzia: hawali sana, hawapumui sana, na dawa inapata shida kuwaua mpaka waamke. Hao ndio sababu kubwa ya matibabu ya kawaida kuchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Unaweza kuacha kukohoa, ukanenepa, ukarudi uwanjani kucheza mpira, na wao bado wamelala ndani wanakusubiri uache vidonge. (Kwa baadhi ya watoto na vijana ambao TB yao si kali, tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali matibabu ya miezi 4. Anayeamua hilo ni daktari, wewe usijipunguzie.)

Ndiyo maana unaitwa kupima tena mwisho wa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Na hili la kumfuatilia kila mgonjwa mpaka mwisho, na kuandika kwenye daftari kama amepona au la, nchi yetu ina sifa nalo. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na Daktari Karel Styblo, ambaye yeye mwenyewe aliugua TB akiwa mfungwa kwenye kambi ya Wanazi, alifanya kazi na Watanzania kujenga utaratibu huo. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua na kuusambaza dunia nzima. Ukitoa kile kikopo cha makohozi mwezi wa tano, unafuata njia iliyochongwa hapahapa nyumbani.

Na ikitokea kweli ni TB sugu? Inatibika. Hapa nchini matibabu yake yalianzia Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009, na baadaye yakasogezwa mikoani.

KUHUSU KIKOMBE NA DAWATI

Mwambie bibi, kwa heshima: TB haipiti kwenye kikombe wala sahani. Inapita hewani, mtu mwenye TB ya mapafu anapokohoa au kupiga chafya. Mkitaka kumsaidia mgonjwa, fungueni madirisha. Yeye afunike mdomo anapokohoa, na chakula mle pamoja. Dawa zikiwa zinafanya kazi, uwezo wa kuambukiza wengine hupungua sana ndani ya wiki chache za mwanzo. Majibu ya slaidi yakiacha shaka, mhudumu wa afya ndiye atakayekuambia kama uendelee kwenda shule wakati mnasubiri. Darasa halina mamlaka ya kupiga kura kwenye hilo.

Na ninyi mliohama dawati: mwenzenu anayemeza dawa kila siku anawalinda. Wa kuhofia ni kikohozi ambacho hakijapimwa, na kinaweza kuwa chako.

CHUKUA HATUA

• Umekohoa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku, unapungua uzito au una homa za jioni? Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Bombo. Vipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali.
• Ukiombwa makohozi, toa yale ya kutoka kifuani, si mate. Toleeni nje, penye hewa.
• Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, usishtuke. Ni rifampisini hiyo.
• Ukipewa majibu, uliza: "Kipimo hiki kinaonyesha kama wapo, au kama wako hai?" Ni haki yako kuuliza.
• Usiache dawa kwa sababu ya jibu zuri. Usikate tamaa kwa sababu ya jibu baya.

JIPIME

1. Kwa nini auramini inamng'arisha hata bakteria aliyekufa?
2. Kitu gani kinaizima rangi iliyo chini ya mrija wa MGIT?
3. Mrija wenye dawa umewaka. Maana yake nini?
4. Kwa nini GeneXpert haitumiki kufuatilia maendeleo ya matibabu?

Majibu: 1. Inashika mafuta ya ukuta, na ukuta unabaki baada ya kifo. 2. Oksijeni. 3. Bakteria wanapumua ndani ya dawa, yaani ni sugu kwa dawa hiyo. 4. DNA ya waliokufa inaweza kuonekana kwa miezi.

Najua utauliza: yule kijana, mwisho wake ukawaje? Makohozi yake yalipelekwa kuoteshwa, na majibu yalirudi. Lakini majibu hayo ni yake na mhudumu wake, mimi sina ruhusa ya kuyatangaza, na hata ningekuwa nayo nisingeyatangaza. Nitakuambia tu alichoniruhusu. Nilipopita tena Makorora alikuwa bado anameza dawa, hajaruka hata siku moja, na kwenye dawati lake walikuwa wamekaa wawili.

Tuonane toleo lijalo. Dirisha wazi, sawa?